Kivue Leo Tu

3 Februari

Dada,

Tulikubaliana simu basi, baada ya siku ile tuliyokatiana mara tatu ndani ya dakika kumi. Haya, naandika. Mimi ni mtu wa bisibisi, si wa kalamu, kwa hiyo vumilia.

Ndani ya bahasha kuna fomu ya nyumba ya wazee. Wanataka saini za watoto wote, na watoto wote ni mimi na wewe. Mahali pa sababu nimejaza: "Amepoteza kumbukumbu, hawezi kuachwa peke yake." Usipandwe na mori. Soma kwanza.

Mwezi uliopita Mama alifungua bomba la bafuni, akaenda kukaa sebuleni ashone kifungo. Maji yalifika mpaka mlangoni kwa jirani. Alikuwa hatua sita kutoka pale. Birika nalo linalia mpaka linakauka, na yeye yupo humo humo jikoni, ameligeuzia mgongo. Unamuuliza kama amekula, anakujibu habari za mvua. Tukicheka mezani anacheka pia, lakini amechelewa, kama abiria anayelipa nauli akiwa ameshashuka. Mikutano ya wastaafu wenzake wa kiwandani ameacha. Anakaa chumbani anatazama ukuta.

Kwenye simu ulisema ni masikio. Dada, huyu ni Mama yule yule aliyefuma nguo miaka thelathini na moja kwenye ukumbi ambao ukipiga kelele mwenyewe hujisikii. Akajifunza kusoma midomo mpaka akawa anatuletea maongezi ya watu wa ng'ambo ya barabara yangali moto. Umesahau alivyokuambia umefaulu mtihani kabla mwalimu mkuu hajavuka barabara kuja kutupa habari? Kiziwi gani huyo anayesikia ng'ambo ya barabara?

Nafasi ni moja, na wanatusubiri mpaka mwisho wa Machi. Tia saini. Mke wangu amechoka, ingawa hasemi. Mama ameshaondoka, Dada. Aliyebaki ni mwili unaotabasamu.

Mdogo wako,
Fundi

*

19 Februari

Mdogo wangu,

Sitii saini. Hiyo ndiyo salamu yangu, nyingine utazikuta chini kama zitabaki.

Nimesoma mashtaka yako mara nne, na kila mara nimeona kitu kile kile. Bomba: linasikika. Birika: linasikika. Swali la chakula: linasikika. Kicheko cha mezani: kinasikika. Hujaniandikia kwamba Mama amesahau jina lako, wala njia ya chooni, wala kwamba kifungo alikishona kwenye mfuko badala ya kwenye shingo. Umeniletea hati ya mashtaka ya sikio, umeiwekea jina la akili. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili akiniletea hoja ya namna hiyo namrudishia daftari.

Na unayemshangaa kusikia ng'ambo ya barabara hajasikia ng'ambo ya barabara hata siku moja. Aliona. Nyumba nzima tulikuwa tunamshangilia mwanamke aliyeharibiwa masikio na mashine, tukadhani ni kipaji. Sasa macho yameingia ukungu, kipaji kimeondoka. Na wewe unaongea naye ukiwa umeingiza kichwa ndani ya jokofu la mteja! Umewahi kumgeukia? Umewahi kunyoa hiyo mikia ya panya inayokuziba mdomo wa juu?

Nimesoma sana juu ya jambo hili, na siyo kwenye vijarida vya saluni. Watafiti wameona kwamba watu wanaoachwa na masikio mabovu bila kutibiwa huelekea zaidi kupoteza kumbukumbu uzeeni. Bado wanabishana kwa nini. Wengine wanasema ubongo unamaliza nguvu zake kubahatisha maneno, haubakiwi na za kuyahifadhi. Wengine wanasema ni upweke: mtu akishachoka kuuliza "umesemaje?" anaacha kukaa na watu. Vyovyote iwavyo, mlango bado uko wazi, na wewe unataka kuufunga kwa fomu. Wahenga walisema sikio halilali na njaa. La Mama limelala na njaa miaka na miaka nyumbani kwako, na hakuna aliyelitupia hata tonge.

Na usiniambie sijui hali yake. Barua zake ninazo hapa, kila mwezi moja, zimenyooka kuliko zako. Mtu aliyeondokewa na akili haandiki hivyo.

Mpeleke akapimwe masikio. Siku akili yake ikiondoka kweli, nitakuja mimi mwenyewe kumtunza, na hutaniona na fomu mkononi. Liandike hilo mahali.

Dada yako,
Mwalimu

*

27 Februari

Mwanangu,

Nimepata barua yako na picha ya wajukuu. Yule mdogo amechukua paji la uso la babu yake, Mungu amsaidie.

Nasikia mnagombana juu yangu. Yaani, sisikii, naona. Mdogo wako akisoma barua zako shingo inavimba. Msigombane. Mimi sina shida. Sauti za watu zimekuwa kama redio ya nyumba ya pili, unajua ipo ila huwezi kusema inasema nini. Nimegundua dawa yake. Neno "ndiyo" linajibu maswali mengi kuliko unavyofikiri. Umeshiba? Ndiyo. Umelala vizuri? Ndiyo. Tatizo ni kwamba juzi mdogo wako alikuja na karatasi akasema maneno mengi, nikajibu ndiyo, na kumbe nimekubali kuhama nyumba. Mkwe wangu ndiye aliyeniandikia kwenye kipande cha gazeti. Tulicheka, halafu tukaacha kucheka.

Kiwandani hatukuwa na shida hizi. Tuliitana kwa namba za mashine, kwa vidole, maana jina halikufika popote. Mimi Kumi na Tatu, jirani yangu Kumi na Nne. Unamkumbuka? Ndiye aliyekushonea gauni la kipaimara. Miaka thelathini na moja hatukuwahi kupigiana kelele, na hakuna mtu aliyenijua kama yeye. Tangu afariki sina wa kuongea naye kwa midomo.

Usihangaike na mambo ya vifaa vya masikioni. Mtu mzima hawezi kuanza kutembea anapiga mluzi.

Mama yako

*

15 Machi

Dada,

Haya, vaa taji. Nimempeleka.

Walimwingiza kwenye kichumba cha kioo, wakamvisha vitu masikioni, wakamwambia anyooshe mkono kila akisikia mlio. Mimi nilikaa nje na yule mtaalamu, namwona anavyobonyeza. Anabonyeza, namtazama Mama. Mikono imelala mapajani. Anabonyeza tena. Dada, kulikuwa na mlio niliousikia mimi nikiwa nje ya kioo, na Mama alikuwa ananitabasamia. Nilitaka ardhi ipasuke.

Mtaalamu anasema yameharibika siku nyingi, pengine tangu kiwandani, na yameendelea kushuka. Akaniuliza, "Hajawahi kupewa kifaa?" Nikasema hapana. Mama akamsoma midomo, akasema, "Ninacho." Tuliporudi akafungua kopo lake la vifungo. Kilikuwa chini kabisa, kimefungwa kwenye leso. Walimpa kiwandani alipostaafu. Nilikuwa nimekisahau kabisa.

Nikamwandikia: mbona uliacha? Akasema kilikuwa kinapiga mluzi. Nikamwandikia: si wangekirekebisha? Akanipapasa shavu akaenda kulala.

Nimehesabu. Alikivaa miezi minne, mitano, halafu ikawa harusi yako, na baada ya harusi sikumbuki kukiona tena. Miaka tisa. Wewe ndiye uliyekuwa naye chumba kimoja wiki ile nzima. Unajua kwa nini alikivua?

Mtaalamu amesema pia apimwe na daktari wa kumbukumbu, kwa sababu hata akiandikiwa swali kuna mambo hayakukaa sawa. Hilo najua hutalipenda.

Masharubu nimenyoa. Mke wangu anasema nafanana na yai.

Fundi

*

30 Machi

Mdogo wangu,

Sivai taji, maana hakuna kitu cha kushangilia. Lakini naomba uisome tena barua yako ya Februari, usome ulivyoandika "mwili unaotabasamu", halafu ujiangalie kwenye kioo na hilo yai lako. Mama alikuwa anatabasamu kwa sababu hicho ndicho kitu pekee mlichomwachia afanye. Mngemfungia na watu wasiomjua, wanaomsemesha kwa mgongo, na angejibu "ndiyo" mpaka siku ya kuzikwa. Na siyo ninyi tu. Waajiri waliomweka kwenye ule ukumbi bila hata pamba ya kuziba sikio, waliompa kidude siku ya kumuaga na kupiga naye picha, nao wako wapi? Tunawacheka watu wazima wasiosikia. Mtu akipoteza jicho tunamshika mkono, akipoteza sikio tunampandishia sauti halafu tunamwita mpumbavu.

Fanya hivi. Kifaa kipya, masikio yote mawili. Kila mtu amgeukie anapoongea. Redio izimwe wakati wa chakula. Arudishwe kwenye mikutano ya wastaafu hata kama ni kwa kuburutwa. Daktari wa kumbukumbu asubiri, mtu hapimwi akili kabla hajasikia swali. Utaona atakavyorudi.

Kuhusu kile cha zamani, sikumbuki. Ilikuwa harusi, kulikuwa na mambo mengi.

Fomu nimeichana. Kipande kimoja hiki hapa, kile chenye sababu uliyoijaza. Kitunze.

Mwalimu

*

24 Mei

Wifi,

Mimi na wewe hatujawahi kuandikiana, kazi hiyo uliwaachia wenye damu moja. Lakini kaka yako amekaa na kalamu siku tatu anachora majokofu, kwa hiyo nimeichukua.

Vifaa vipya amevivaa tangu katikati ya Aprili. Siku ya kwanza alisimama katikati ya sebule akauliza nani anagonga. Hakuna aliyegonga. Zilikuwa ndala zake mwenyewe. Akatembea tena, akasimama tena, akacheka mpaka akakaa chini. Siku ile nilimkumbuka mama mkwe niliyemkuta nilipoolewa. Kaka yako alitoka nje akajifanya anatafuta waya.

Sasa anakaa nasi mezani. Bomba likiachwa wazi yeye ndiye anayetugombeza. Ulisema kweli, Wifi, na ningependa barua iishie hapa.

Anasikia swali. Anakujibu vizuri. Baada ya dakika tano anakuuliza swali lile lile, kana kwamba halijaulizwa wala kujibiwa. Ananiuliza baba yenu atarudi saa ngapi. Nikimwambia alishafariki, analia kama habari mpya, kwa hiyo siku hizi nasema jioni. Jumanne asubuhi alitoka na mfuko wake. Tulimpata kwenye geti la kile kiwanda. Unajua lilivyo, kutu na nyasi. Amesimama wima pembeni, anangoja zamu ianze. Mlinzi wa ghala la jirani alimpa kiti.

Tumemwona daktari wa kumbukumbu. Ni ugonjwa wenyewe, na siyo wa jana. Kaka yako akamuuliza, je, ni masikio yaliyouleta? Akasema hawezi kuapa. Akasema mambo hayo mawili mara nyingi hufuatana, na mtu anayekaa miaka katika ukimya yuko kwenye hatari zaidi. Kifaa kingevaliwa mapema huenda kingesaidia kuchelewesha, huenda. Sasa kitamsaidia kukaa na watu. Hakitamrudisha. Kaka yako akauliza tena, "Kama angevaa miaka hii tisa?" Daktari akaanza kupanga karatasi zake.

Sasa langu. Barua zake ulizokuwa unazishika kama hati ya mahakama, ni mimi. Tangu mwaka juzi. Alikuwa anaandika karatasi sita kwa siku tano, jambo moja mara nne, mengine nusu. Mimi nachagua, naunganisha, nampa ananakili kwa mwandiko wake. Maneno ni yake yote. Mpangilio ni wangu. Alinisihi usijue. "Yule binti yangu anapenda kitu kilichonyooka," alisema. Nilidhani nakusitiri, kumbe nakupa silaha, na ukampiga nayo mume wangu. Wewe ulikuwa na hoja, Wifi. Mimi nilikuwa na mama yako. Nisamehe, na mimi nitajitahidi kukusamehe.

Kaka yako ameleta fomu nyingine. Hii hapa. Safari hii hakujaza sababu, amesema uijaze wewe, ndiwe mwenye maneno.

Pia kuna barua ya Mama. Hii sijagusa hata nukta. Bahasha aliiandikia anwani yako mwenyewe, bila kusaidiwa. Lakini ndani, utaona anamwandikia nani.

Wifi yako

*

Jumapili

Kumi na Nne,

Mbona huji. Nimekungoja getini wamefunga. Labda umeme umekatika. Mlinzi ni mpya, kijana mzuri, alinipa kiti.

Wamenitia vitu masikioni. Dunia ina kelele Kumi na Nne. Hata karatasi hii ina kelele. Nasikia ndala zangu. Sikujua ndala zinasema.

Nilikuwa nacho kingine. Nilikuambia? Walichonipa siku ya kuaga. Nilikuwa nakipenda. Nilisikia mvua ya kweli. Halafu binti yangu akaolewa. Asubuhi tunavaa akanishika mabega, akaongea nami taratibu midomo yote naiona. Mama, kinapiga mluzi. Mama, kitatoka kwenye picha. Wakwe watasema nimetoka kwa viziwi. Kivue leo tu. Alikuwa mzuri sana siku ile. Nikakivua leo tu. Nikakiweka kwenye leso.

Kesho yake nikangoja aseme nikirudishe. Akaondoka na mumewe. Hakuna aliyesema nikirudishe. Nikaona basi, pengine ni vizuri hivi.

Mbona huji. Nimekungoja getini.

Usimwambie. Ana hasira za karibu huyo, na anafundisha watoto wa watu, atajisikia vibaya. Kwake mimi husema kilipiga mluzi. Si uongo. Kilipiga.

Njoo na chai.

Kumi na Tatu

*

9 Juni

Mdogo wangu, na wewe Wifi,

Uliniuliza kama najua kwa nini alikivua. Najua. Nilijua ulipouliza, na nilijua nilipokuandikia habari za sikio na njaa. Soma karatasi niliyoambatanisha, imeandikwa kwa mkono wake. Sina la kuongeza, na sina la kujitetea. Kila nilichokutupia mwaka huu kilikuwa kinanirudia mwenyewe.

Wifi, usiniombe msamaha. Nikifika nitakaa kwanza jikoni kwako, uniambie yote unayotaka, uso kwa uso, na sitakukata.

Fomu nairudisha tupu. Sikuichana, sina tena mkono wa kuchana. Niliahidi kuja siku akili yake ikiondoka kweli, na niliahidi kwa kiburi nikijua haitaondoka. Shule nimeiaga. Mume wangu na watoto watanifuata likizo. Nafika tarehe ishirini na nane. Msimwambie Mama kwamba binti yake anakuja. Mpeni barua hii nyingine.

Mwalimu

*

9 Juni

Kumi na Tatu, mwenzangu,

Nisamehe sikuja getini. Nilikuwa mbali, zamu yangu ilikuwa ndefu kuliko nilivyofikiri, na kelele zangu mwenyewe zilinizuia kukusikia ukiniita.

Usisimame tena pale, jua ni kali. Nakuja mimi nyumbani tarehe ishirini na nane. Nitakaa mbele yako, si pembeni. Ukinionyesha vidole kumi na vinne nitaitika. Usijisumbue kukumbuka mimi ni mtoto wa nani, hapo hapatakuwa na mtihani.

Yule binti yako nimemwona. Sikumwambia kitu, maana ulinikataza. Lakini anajua. Amejisikia vibaya, kama ulivyosema, na mimi nimemwacha ajisikie. Amenipa neno nikuletee, limechelewa miaka tisa. Anasema harusi imekwisha, Mama. Picha zimeshapigwa. Kirudishe.

Chai nitakuja nayo. Nawe siku hiyo vivae vyote viwili, tangu asubuhi. Na vikipiga mluzi, viache vipige.

Kumi na Nne